Baridi ya Nakuru ni mali, lakini mkulima asiuziwe ndoto ya mvinyo

SHERIA ya marekebisho ya ushuru iliyoanza kutekelezwa mwishoni mwa Desemba 2024 ilizua mjadala mkubwa kuhusu bei ya bia na pombe kali. Jambo moja, hata hivyo, lilipita bila kuzungumziwa sana, nalo ni namna mpya ya kutoza mvinyo.

Kabla ya hapo, kila lita ya mvinyo ilitozwa ushuru wa bidhaa wa Sh243.43, uwe mwepesi au mzito. Sheria hiyo iliondoa kipimo cha lita na kuweka kipimo cha kileo chenyewe: Sh22.50 kwa kila sentilita ya kileo halisi kilichomo.

Hesabu yake si ngumu. Chupa ya kawaida ya mililita 750 ilikuwa ikitozwa takriban Sh183. Kwa kipimo kipya, chupa yenye kileo cha asilimia 14 hutozwa Sh236. Ile yenye asilimia 8 hutozwa Sh135 pekee. Mpaka wa faida na hasara uko karibu na asilimia 10.8: mvinyo ulio chini yake ulipata nafuu, ulio juu yake uliongezewa mzigo.

Huenda msomaji akauliza, haya yanamhusu nini mkulima wa Molo, Njoro au Naivasha? Yanamhusu kwa sababu mvinyo mwepesi wa namna hiyo ni zao la nchi za baridi, na baridi ni kitu ambacho Mungu aliijalia Kaunti ya Nakuru kwa wingi. Kila mara bei ya viazi au mahindi inapoporomoka, husikika sauti za kumhimiza mkulima ajaribu zao jipya, na zabibu hazikosi kutajwa. Ni vyema basi suala hili lichunguzwe kabla ya mtu kung'oa mahindi yake.

Mfano bora wa mvinyo wa nchi za baridi ni ule utokanao na zabibu nyeupe iitwayo Riesling. Asili yake ni Ujerumani, katika mabonde ya mito Rhine na Mosel, na jina lake linapatikana katika hati ya ununuzi wa miche ya mwaka 1435. Kutoka huko imeenea hadi Alsace nchini Ufaransa, Austria, mabonde ya Clare na Eden nchini Australia, jimbo la New York nchini Marekani, na Canada.

Sifa kuu ya zabibu hii ni kwamba hutoa mvinyo wa kila namna, kuanzia mkavu kabisa usio na chembe ya utamu hadi mtamu kama asali, na yote ikawa ya hali ya juu. Ni zabibu chache ziwezazo kufanya hivyo.

Mkavu na mtamu

Wasomaji wa pwani hawahitaji mwalimu kuelewa siri hiyo. Tembo la mnazi likigemwa alfajiri huwa tamu. Kadiri jua linavyopanda, chachu hula sukari na kuigeuza kileo, na kufikia jioni tembo lile lile huwa limekuwa kali, utamu wote umetoweka. Waliozoea muratina ya miji ya Bonde la Ufa na Mlima Kenya wanajua habari iyo hiyo.

Mvinyo nao ni vivyo hivyo. Chachu ikiachwa imalize sukari yote ya zabibu, hupatikana mvinyo mkavu. Ikisimamishwa njiani, kwa kupoza pipa au kuchuja chachu, sukari husalia na kileo huwa kidogo. Ndiyo maana Riesling yenye utamu kiasi kutoka Mosel huweza kuwa na kileo cha asilimia 8 tu, ilhali mivinyo mingi mikavu hufika 12 au 13.

Wajerumani wameyapanga haya kwa sheria yao ya 1971. Huanza na Kabinett, mvinyo mwepesi wa zabibu zilizoiva kwa kawaida. Hufuata Spätlese, wa zabibu zilizochelewa kuchumwa, kisha Auslese, wa vishada vilivyochaguliwa. Juu kabisa kuna mivinyo ya zabibu zilizonyauka kwa ukungu uitwao Botrytis, ambao hunyonya maji ya tunda na kuacha sukari imejikusanya. Daraja hizo hupima sukari iliyokuwemo katika zabibu siku ya kuchumwa, wala si utamu uliobaki katika chupa. Ndiyo sababu Spätlese moja huweza kuwa tamu na nyingine kavu, na mnunuzi akabaki ameduwaa.

Neno la kuangalia ni "trocken", yaani mkavu, ambalo huruhusiwa kwa mvinyo wenye sukari isiyozidi gramu 9 kwa lita. Soda ya kawaida, kwa kulinganisha, huwa na takriban gramu 100. Ili kupunguza utata, Wakfu wa Kimataifa wa Riesling, ulioanzishwa 2007, ulibuni mizani ya kuchapishwa nyuma ya chupa yenye ngazi nne: mkavu, mkavu kiasi, mtamu kiasi na mtamu. Mizani hiyo haitazami sukari peke yake, bali sukari ikilinganishwa na uchachu.

Hapo ndipo baridi inapoingia. Utamu bila uchachu huchosha ulimi upesi, kama chai iliyotiwa sukari kupita kiasi. Chungwa huwa tamu na bado likaburudisha kwa sababu lina uchachu wa kulisawazisha. Zabibu zinapokua mahali pa joto, hasa usiku, mti huteketeza uchachu wake kwa haraka na sukari hupanda mno. Mahali pa baridi, uchachu hudumu na tunda huiva polepole likikusanya harufu.

Baridi yetu si baridi yao

Je, nyanda za kati za Bonde la Ufa zina baridi ya kutosha? Kwa vipimo vya kipimajoto, jibu ni ndiyo. Naivasha iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Nakuru mjini karibu mita 1,850, na Molo hukaribia mita 2,500. Wakazi wa Mau Narok na Kinangop wanaijua jalidi inayounguza viazi mashambani. Udongo wa maeneo mengi una asili ya volkano, kutokana na milima kama Longonot na Menengai, na maji hupita ndani yake kwa urahisi, jambo ambalo mzabibu hulipenda.

Hata hivyo, kuna tofauti kubwa ambayo kipimajoto hakiioneshi. Huko Mosel, mwezi Juni, mchana hudumu kwa saa 16. Kisha hufuata majira ya baridi kali ambapo mzabibu hupukutisha majani na kulala usingizi kwa miezi kadhaa. Kalenda hiyo ndiyo inayomwongoza mkulima: mti huamka, huchanua, huzaa na kulala kwa pamoja.

Nakuru iko karibu kabisa na Ikweta. Mchana ni saa 12 mwaka mzima, na hakuna majira ya kuulaza mzabibu. Mti usiolala huchipuka ovyo. Tawi moja likawa na maua na jingine likawa na matunda mabivu. Mkulima hulazimika kuulaza kwa mkono, kwa kuunyima maji, kuupogoa na kuung'oa majani ili uanze upya. Kazi hiyo huhitaji ujuzi na vibarua. Manufaa yake ni kwamba huwezekana kuvuna mara mbili kwa mwaka na hata kuchagua mwezi wa mavuno.

Isitoshe, mvua zetu huja katika misimu miwili, na mvua wakati zabibu zinaiva huleta ukungu na kuoza. Jua la nyanda za juu nalo ni kali. Kwa Riesling hasa, jua kali juu ya tunda huongeza harufu inayofanana na mafuta ya taa, ambayo ikiwa kidogo husifiwa na wajuzi, lakini ikizidi huharibu mvinyo. Kuna pia ndege, na karibu na Ziwa Naivasha kuna viboko na nyati ambao hawajali mpaka wa shamba la mtu.

Kwa hivyo anayedai kwamba Molo ni Mosel ya Afrika kwa sababu tu watu wake huvaa makoti asubuhi, hasemi ukweli wote.

Waliotangulia

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Katika miaka ya 1980 kulikuwa na mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za kando ya Ziwa Naivasha na kuuzwa kwa jina la Lake Naivasha Vineyards. Kampuni ya serikali ya Kenya Wine Agencies, iliyobuniwa 1969, ilipata umaarufu kwa mvinyo wa mapapai. Kampuni hiyo baadaye iliingia mikononi mwa Distell ya Afrika Kusini, ambayo nayo ilichukuliwa na Heineken mwaka 2023.

Jaribio lililojulikana zaidi ni la Rift Valley Winery, yenye uhusiano na Kenya Nut Company, iliyopanda mizabibu katika shamba la Morendat, Naivasha. Mvinyo wake uliitwa Leleshwa, jina la kichaka chenye harufu kinachojulikana na kila mfugaji wa Bonde la Ufa. Katika miaka ya 2010 uliuzwa katika maduka na hoteli za Nairobi.

Zabibu zilizotajwa sana huko zilikuwa Sauvignon Blanc, ambayo nayo hupenda baridi, na Shiraz. Leleshwa ilithibitisha kwamba mvinyo unaonyweka unaweza kutoka Naivasha. Lakini lilikuwa shamba la mwekezaji mmoja mwenye mtaji na subira. Halikuwa zao la wakulima wadogo wadogo.

Kaskazini yetu, katika Bonde la Ufa lilo hilo, kampuni ya Kifaransa ya Castel ilipanda mizabibu karibu na Ziwa Ziway nchini Ethiopia, na chupa zake za kwanza zilitoka 2014. Nako ni mradi wa kampuni kubwa.

Mfano wa wakulima wadogo uko Dodoma, Tanzania. Zabibu ziliingia huko kupitia wamishonari, na leo mkoa huo unajulikana kwa mvinyo wake, una kituo cha utafiti cha Makutupora na huvuna mara mbili kwa mwaka. Dodoma iko chini zaidi, takriban mita 1,100, na ina joto zaidi ya Nakuru. Lakini ina kiangazi kirefu kisicho na mvua, ambacho humpa mkulima nafasi ya kuivisha zabibu bila ukungu. Tatizo lake la miaka mingi halikuwa hali ya hewa. Wakulima wa huko wamelalamika mara kwa mara kwamba wanavuna zabibu zisizo na mnunuzi kwa sababu viwanda ni vichache. Zabibu hazisubiri, ukiziweka wiki moja bila mnunuzi, umepata hasara.

Kivuli cha pareto

Wakulima wa Nakuru hawahitaji kwenda Dodoma kujifunza somo hilo. Wanalo nyumbani.

Pareto ni zao la baridi, kama Riesling. Maua yake hufanya vizuri Molo, Elburgon, Mau Narok na Kuresoi kwa sababu ya usiku wa baridi. Kuna wakati ambapo Kenya ilizalisha zaidi ya nusu ya pareto yote duniani, na makao makuu ya bodi iliyoisimamia yalikuwa Nakuru mjini. Zao hilo lilisomesha watoto na kujenga nyumba za mabati.

Kisha kuanzia miaka ya 2000 wakulima wakapeleka maua bila kulipwa. Wengi waling'oa pareto na kupanda viazi. Soko likahamia kwingine, hasa Tasmania nchini Australia. Sheria mpya ya pareto ilipitishwa 2013, lakini imani iliyovunjika hairudi kwa kupigwa chapa katika gazeti la serikali.

Baridi ya Molo haikupungua siku moja, wala udongo haukuharibika. Kilichoharibika ni uhusiano wa mkulima na mnunuzi mmoja asiyekuwa na mshindani. Mzabibu una hatari kubwa zaidi kwa hilo. Huchukua takriban miaka mitatu kabla ya mavuno ya maana, na huhitaji nguzo, nyaya, dawa na mara nyingi umwagiliaji wa matone. Mkulima wa viazi akipata hasara msimu huu hubadilisha zao msimu ujao. Aliyepanda mizabibu amejifunga kwa miaka mingi.

Suala la maji nalo si dogo. Bonde la Ziwa Naivasha, ambalo lilitambuliwa kimataifa kama ardhioevu muhimu mwaka 1995, tayari lina mashamba ya maua yanayotegemea maji yake. Ziwa hilo lilishuka kwa kiwango cha kutisha 2009, kisha likafurika 2020 na kuwahamisha wakazi wa mtaa wa Kihoto. Zao jipya la umwagiliaji katika bonde hilo halina budi kupimwa kwa mizani hiyo.

Pombe ni pombe

Kuna wasomaji watakaosema kwamba kaunti iliyoumizwa na ulevi haihitaji kileo kingine. Hoja yao haipuuziki. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inafahamika kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Haikuwa sadfa kwamba mwakilishi wa eneo hilo ndiye aliyeisukuma. Mwaka 2014 pombe yenye sumu iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa nchini, na Februari 2024 msiba kama huo ukatokea Kirinyaga.

Lakini hapa ndipo sheria ya ushuru ya 2024 inapojipinga yenyewe. Sentilita moja ya kileo ndani ya mvinyo hutozwa Sh22.50. Sentilita iyo hiyo ndani ya pombe kali hutozwa Sh10. Kwa maneno mengine, anayekunywa mvinyo mwepesi na chakula hulipia kileo chake ushuru zaidi ya mara mbili ya anayekunywa pombe kali ili alewe upesi. Kama lengo lilikuwa kulinda afya, mizani imewekwa kichwa chini miguu juu.

Ikumbukwe pia kwamba nafuu ya mvinyo mwepesi humfikia kwanza mwagizaji wa bidhaa za ng'ambo, kwa kuwa ndiye aliye na chupa sokoni leo. Mkulima wa Njoro atafaidika tu iwapo kuna kiwanda kinachonunua zabibu zake.

La kufanya

Jambo la kwanza ni utafiti kutangulia kampeni. Nakuru haikosi taasisi. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, na Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, lina vituo Njoro na Molo. Mashamba madogo ya majaribio katika miinuko mitatu, tuseme Naivasha, Njoro na Molo, yakipandwa Riesling kando ya Sauvignon Blanc na Chenin Blanc kwa miaka mitano, yatatoa majibu ambayo hotuba za kisiasa haziwezi kuyatoa. Yaonekane ni wapi uchachu unadumu, ni mwezi gani ufaao kuvuna, na ukungu unagharimu kiasi gani.

Pili, mkataba utangulie mche. Mkulima mdogo asihimizwe kupanda hata mzabibu mmoja kabla ya kuwepo wanunuzi wawili au zaidi, au ushirika wenye mitambo yake, na bei ya chini iliyoandikwa. Ikiwezekana, zabibu za kula na za kukausha zijaribiwe pia, ili mkulima asiwe na mlango mmoja tu wa kutokea.

Tatu, lebo iseme ukweli kwa lugha inayoeleweka. Wakenya wengi wanaoanza kunywa mvinyo hupenda mtamu, na wengi hukata tamaa wanaponunua chupa kavu bila kujua. Mizani ya ngazi nne ikiandikwa kwa Kiswahili nyuma ya chupa, sambamba na kiasi cha sukari na kileo, itamfaa mnunuzi na daktari wake pia.

Nne, Bunge litazame upya pengo lililopo kati ya Sh10 na Sh22.50.

Tusisahau kwamba hata nchi za baridi zenyewe hazina uhakika tena. Mwaka 2019 Ujerumani haikuweza kuvuna zabibu za mvinyo wa barafu karibu kote nchini, kwa sababu baridi haikufika nyuzi saba chini ya sifuri inayohitajika. Ramani ya mvinyo duniani inasogea, na Uingereza, iliyokuwa ikichekwa, sasa inapanda mizabibu. Katika msogeo huo, miinuko ya tropiki itaanza kutazamwa kwa jicho jipya, na wawekezaji watabisha hodi Nakuru.

Wakija, watakuta baridi, udongo na watu wa kazi. Swali ni iwapo watamkuta pia mkulima aliye na mkataba mkononi na matokeo ya utafiti mezani, au watamkuta yule wa pareto, ambaye aliambiwa apande kwanza na habari za malipo zije baadaye.